Jina moja katika lafudhi mbili
Umeuliza kama mliache wazo la kumpa binti yenu jina la Dawn, ambalo wewe unalipenda lakini mumeo, kwa lafudhi yake ya Kanada, hulitamka sawasawa na Don na hivyo kuliona la kiume. Hakuna anayekosea: kwa Wakanada wengi irabu za majina hayo mawili zimeungana kuwa sauti moja, kama ambavyo kwa Wamarekani wengi Aaron na Erin husikika kuwa jina moja, ilhali Waingereza huyatofautisha bila taabu. Kwa maoni yangu, tahajia isiwashughulishe sana. Sikilizeni jinsi jina linavyotamkwa na watu wa mahali mtoto atakapokulia, tena likiitwa kwa sauti kutoka chumba kingine. Likiendelea kumkera mumeo hata hivyo, tafuteni jingine, maana naye atalitamka kila siku.