Simu kwa mtoto mdogo: swali ni nani amekaa naye

Wazazi wengi hapa Jinja nikiongea nao habari za watoto na simu nawakuta wamegawanyika, kuna wanaosema simu ni sumu mtoto asiiguse kabisa, na kuna wanaompa tu anyamaze ili mama amalize kupika. Wote nawaelewa. Ila sijasikia mtu akiuliza mtoto anaangalia akiwa na nani.

Kuziondoa kabisa mi naona haiwezekani. Shule zilifungwa Uganda Machi 2020, zikafunguka zote Januari 2022, hapo katikati masomo yakawa ya redio, tivi na simu, na wadogo wakazoea hapohapo kwa kuchungulia wakubwa. Halafu hela ya mobile money nayo si imo humo humo?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, mtoto ambaye hajafika miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndo vizuri zaidi. Kuongea na bibi yake aliye Arua kwa video mimi sihesabu humo jamani, yule anamjibu.

Kwangu wa miaka mitatu anaangalia nikiwa pembeni, data nimezima, video nimeshusha mwenyewe, maana ukiacha intaneti wazi video moja inavuta nyingine na ukigeuka mtoto ameshafika kwenye mambo ya watu wazima. Tunaongea humo humo, huyu mnyama anaitwaje, kwa Kisoga je, mbona analia? Na wakati wa kula simu hakuna, ya mtoto wala ya baba, kwa sababu mtoto anayekula na katuni anafungua mdomo tu hata hajui ameshiba.

Kuzima ndo kazi. Mwambie mapema, hii ikiisha tunazima, na ikiisha zima kweli. Atalia, mwache alie ukiwa naye karibu, ukimrudishia kwa sababu ya kilio basi kesho atalia zaidi.

Dada wa kazi naye mweleze kwa upole, tafadhali usimfokee, anashinda na mtoto na vyombo na nguo zote peke yake, simu ndo msaada wake. Mwachie vitu vya kumshughulisha mtoto, maboksi, vifuniko vikubwa visivyoingia mdomoni, mchanga uani, na ukirudi jioni mpokee mtoto kabla hujafungua WhatsApp yako.