Barua kwa mwanangu: Mpitishe mgeni kwenye mlango wake

Mayu,

Barua yako niliipata jana jioni, na leo asubuhi nimeirudia kuisoma. Unasema mwenzako wa kazini anakuja nawe huku Mwanza Jumamosi na mna siku moja tu ya kutembea kabla ya kurudi Dodoma. Wewe roho yako iko kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora na kisiwa cha Saanane. Yeye anataka masoko, vitambaa, samaki na picha za ziwani, na amekwambia waziwazi kwamba makumbusho humtia usingizi. Unauliza: "Baba, nigawe siku nusu kwa nusu ili asinune?"

Usigawe, mwanangu. Mimi niliwahi kugawa na ninakumbuka ilivyokuwa.

Ulikuwa bado mdogo. Yule rafiki yangu wa Tanga niliyesoma naye chuo cha ualimu alikuja kututembelea, naye alikuwa ameshaacha chaki na kuingia kwenye biashara. Tukakubaliana asubuhi iwe yangu, mchana uwe wake. Nikampeleka Bujora. Nikamsimamisha mbele ya kila kitu: ngoma za watemi, majembe, banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Nikamweleza habari za Padri David Clement, yule Mkanada aliyeanza kukusanya mambo ya Wasukuma miaka ya 1950, na makumbusho kufunguliwa 1968. Mwenzangu akaanza kupiga miayo. Mimi nikakasirika, nikaongea kwa kirefu zaidi kana kwamba maneno mengi yangemwamsha. Tulipotoka hakuna aliyekuwa na hamu na mwenzake.

Mchana akanivuta Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwaloni. Nilikwenda nikiwa nimenuna, nikihesabu saa. Yeye alichangamka kama mtu aliyefika kwao. Akachuchumaa kando ya mama mmoja mwenye marobota ya dagaa, akaanza kuuliza bei. Kwa nini leo bei hii, wiki iliyopita ilikuwaje, na mzigo unakwenda wapi. Yule mama akamjibu kwamba mwezi unang'aa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, wakati ule kwa karabai. Mbalamwezi ikitanda, taa haiwavuti tena, wavuvi wanapumzika, na mzigo sokoni unapungua. Mzigo ule ulikuwa unakwenda hadi Kongo.

Mayu, mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nilikuwa nimewaandikisha wanafunzi ukubwa wa Ziwa Victoria, kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwamba kina chake kwa sehemu kubwa ni kifupi ukililinganisha na Tanganyika. Nilizaliwa hapa. Lakini kwamba bei ya dagaa hufuata mwezi, nilijifunzia pale, kutoka kwa maswali ya mtu wa Tanga. Hasira ikanitoka, nikachuchumaa na mimi.

Usiku ule nilikosa usingizi nikifikiria Bujora. Mwenzangu alikuwa mtu wa mpira, asiyekosa mechi ya Simba na Yanga redioni. Na Bujora kuna jambo ambalo lingemwamsha hata angekuwa amelala: Bagika na Bagalu. Vyama viwili vya ngoma, kila kimoja na dawa zake na mashabiki wake. Wanapopambana, wanacheza kwa wakati mmoja pande mbili za uwanja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Unamwona mtu anahama, anarudi, anahama tena. Ningeanzia hapo, yeye mwenyewe angeniuliza habari za ngoma. Mimi nilimpa miaka na majina.

Kwa hiyo nendeni kote pamoja, lakini kila mahali umpitishe kwenye mlango wake. Anapenda vitambaa? Bujora mwonyeshe mavazi na shanga za wachezaji kwanza, mwache aulize zimefungwaje. Ondokeni mapema, saa 2 muwe mmeshapanda daladala ya Kisesa; jua likipanda kule mtachoka kabla ya kuona. Na ukitaka kusimama sana mahali, mwambie, "Nipe nusu saa," akae kivulini. Ugomvi mwingi wa safarini hutokana na mmoja kumsubiri mwenzake huku amesimama.

Saanane iacheni safari hii. Najua utalalamika. Kile kisiwa kinataka siku yake, utulie uwatazame pimbi kwenye mawe, na mtu anayewaza soko atakuharibia.

Mkirudi mjini pitieni Makoroboi. Hapo mtakutana bila kulazimishana. Yeye atapata maduka na wachuuzi. Wewe utapata jina lenyewe, maana palikuwa na mafundi waliofua vyuma chakavu na makopo kuwa koroboi, zile taa za mafuta ya taa alizosomea bibi yako. Kisha Mwaloni, na safari hii wewe ndiye umfuate yeye. Funga mdomo, msikilize anavyouliza.

Picha zake akazipigie jioni kwenye Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Jua likishuka, jiwe lile linakuwa jeusi na maji yanakuwa ya shaba. Akikuuliza jina, mwambie ni la yule chansela wa Ujerumani ambaye hakulitia machoni hata siku moja. Lilikuwa limekaa hapo muda mrefu kabla yake.

Mama yako ameshatandika kitanda cha pili. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ya kurudi nayo Dodoma ipo. Sasa mwulize mgeni wako sato humla wa kukaanga au wa mchuzi, uniandikie kabla ya Ijumaa nimwahi mvuvi.

Baba yako