Ukocha uanze ukiwa bado unacheza: jibu kwa beki wa Masasi

Mdogo wangu wa Masasi, nimesoma ulichoandika humu mtandaoni. Una miaka 27, unacheza First League, ligi ya ngazi ya tatu, goti linakusumbua, klabu unaidai mishahara, na unauliza kama ungoje mpaka utundike daluga ndipo usomee ukocha. Usingoje. Anza msimu huu huu, ukiwa bado unavaa jezi. Wadau waliokujibu kwamba "mpira ukiuacha ndo utatulia usome" sidhani kama wamewahi kuuacha.

Mimi nilikuwa beki wa kushoto. Nilianzia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nikaenda ligi ya mkoa, nikaionja Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, halafu Daraja la Pili, hiyo hiyo First League yako kabla ya mabadiliko ya majina ya 2021. Ligi Kuu sikuwahi kuicheza. Ndanda, timu yetu ya Mtwara, ilipopanda 2014 nilikuwa jukwaani kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona na kiingilio changu nimelipa, napiga kelele na mashabiki wenzangu, Wana Kuchele. Kwa hiyo ninachokuambia ni cha mtu wa chini, sio cha staa.

Maisha ya ligi zetu unayajua, sina haja ya kukusimulia nyumba ya kambi yenye magodoro chini, wala posho ya "Ijumaa" isiyosema ni Ijumaa ipi. Ila kuna faida moja ndani ya vurugu hiyo ambayo wachezaji wengi wanaipita. Timu zetu zinabadilisha walimu ovyo. Ndani ya misimu michache unapita mikononi mwa makocha wa kila aina: mmoja anakabia juu, mwingine anajaza watu nyuma, mwingine kazi yake ni kukimbiza tu. Mwenzako wa Ligi Kuu anaweza kukaa na mwalimu mmoja muda mrefu asiuone utofauti huo. Wewe unaletewa bure, tena mpaka kambini.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyekuwa akitufundisha. Nilikuwa nje, kifundo cha mguu kimevimba, naangalia mechi benchi kama shabiki. Akaniletea daftari la shule na kalamu, akasema, "Usiangalie mpira. Mwangalie kiungo wao namba sita, kila tukipoteza mpira uniandikie yuko wapi." Dakika kumi za mwanzo niliona adhabu, maana macho yanataka kufuata mpira yenyewe. Kufika mapumziko nilikuwa nimeandika neno moja mara nyingi: kulia, kulia, kulia. Jamaa alikuwa anamfunika beki wake wa kulia aliyependa kupanda, na katikati kunabaki wazi. Mzee alilisoma lile daftari, akamvuta winga wetu aingie ndani. Hatukushinda, lakini nafasi zilizopatikana kipindi cha pili zote zilipita pale pale.

Nimekaa kushoto miaka yote ile na nilikuwa naujua uwanja nusu. Beki wa pembeni chaki anaijua hata gizani, ila ukimuuliza kwa nini kati kumevuja atakuambia "viungo wamelala". Kocha hawezi kuishia kwenye jibu hilo.

Kuhusu kozi. Ngazi za leseni za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinaanza D, unapanda C, B, A, na juu kabisa Pro. Kozi za mwanzo TFF, shirikisho letu la soka, huzitangaza kupitia vyama vya mikoa, kwetu MTWAREFA na wenzetu wa Lindi LIREFA, kwa hiyo uwe na mawasiliano na katibu wako, usisubiri kuona tangazo kwenye kundi la WhatsApp muda umeshapita. Usiende ukidhani jina lako la uwanjani litakubeba. Kwenye kozi yetu kulikuwa na mshambuliaji mstaafu ambaye huku kusini kila mtu anamjua. Akapangiwa mada ya kupokea mpira mwili ukiwa umefunguka. Akasimama, akaitisha mpira, akapokea yeye, akageuka, akapiga pasi safi, watu wakapiga makofi. Mkufunzi akamwambia, "Wewe tunajua unaweza. Haya, hao watoto je?" Jamaa akabaki ameshika mpira. Kutenda anakujua, kukuvunja vipande vipande ili mtoto wa miaka kumi na mbili akuelewe ndiko kulikomshinda. Huko ndiko kozi inakokupeleka, na ukiwa bado mchezaji una bahati ya kurudi mazoezini kesho yake ukalijaribu somo kwenye mwili wako mwenyewe.

Sasa, ukishapata D usikimbilie timu ya wakubwa. Najua kuna watu watakuita, hasa msimu wa korosho minada ikishalipa na kila kijiji kinataka kuandaa ligi ya kugombea mbuzi au ng'ombe. Nenda, chukua nauli na posho, ila hiyo si kazi ya ukocha. Ni kupanga kikosi ambacho umekutana nacho asubuhi. Ukocha utaujua ukikaa na watoto walewale muda mrefu, uone kosa la Machi limeondoka au liko palepale Septemba.

Na huku kwetu mwaka una mambo yake. Likizo ndefu vijana wanapelekwa jandoni, na unaweza kufika mazoezini ukakuta kipa mmoja na mabeki wawili. Korosho zikianza kudondoka, wengine wako mashambani na wazazi wao kuokota. Mwezi wa Ramadhani sisi wa pwani tunasogeza mazoezi karibu na magharibi, mafupi, mpira mwingi na mbio chache. Kocha aliyeletwa na ratiba ya kutoka kwingine hugombana na watoto kwa utoro. Wewe ni mtoto wa huku, panga kazi nzito pale unapojua watakuwepo.

Halafu viwanja. Watoto wangu wa Mtwara mjini wanachezea kichanga, wanapokea mpira kwa nyayo kwa sababu unafia pale pale. Wakipelekwa kwenye nyasi, mpira unawapita chini ya mguu. Kwa hiyo siku nyingine tunahamia kwenye ardhi ngumu nyuma ya shule, hata kama ni kijisehemu, ili waonje mpira unaokimbia. Wale makocha wanaowakimbiza vijana ufukweni kila jioni, sawa, pumzi na misuli ya miguu vitajengeka. Kupokea mpira hakujengeki hivyo.

Fedha: kwa watoto usiitegemee. Mimi nina kibanda cha vifaa vya umeme na ndicho kinacholisha nyumba. Lakini milango imeongezeka. Tangu Namungo ya Ruangwa ipande 2019, ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza na kufika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, wazazi wa Lindi na Mtwara wanaanza kuuliza mtoto anafundishwa na nani na ana cheti gani. Zamani walikuwa wanauliza tu kama tuna jezi.

Deni lako. Tafuta nakala ya mkataba wako leo, usiridhike na ya kuambiwa "ipo ofisini". Kanuni za FIFA tangu 2018 zinasema klabu ikishindwa kulipa angalau mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, mchezaji anaipa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 15, na zikipita bila malipo ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Iandike, ipeleke kwa mkono, wakusainie nakala. Wakikataa kukupokea, peleka shauri kwenye kamati ya TFF ya hadhi za wachezaji.

Na goti: umesema linalegea ukigeuka ghafla. Hilo si la kufunga bandeji na kuchuliwa kwa mafuta kabla ya mechi. Mwone daktari wa mifupa kabla hujasaini popote, maana kocha naye anasimama na kukimbia saa mbili kila jioni. Ukipata majibu yaweke hapa, kuna physio humu anaweza kukusomea ripoti vizuri kuliko mimi.