Tenki jipya la lita 60, samaki wasubiri kwanza

Mkuu umeuliza kama tenki la lita 60 ukilijaza leo kesho unaweza kutia gapi sita (wale samaki wadogo wa mapambo). Hapana, tafadhali subiri. Maji yanaonekana masafi lakini bado hayana bakteria wa kula amonia ya kinyesi cha samaki, na hiyo amonia ndo inawaua, utawaona wanahema juu juu ya maji. Mimi wangu waliisha wote ndani ya siku nne, iliniuma sana.

Jaza maji, kama ni ya bomba tia dawa ya kuondoa klorini maana inaua na hao bakteria, washa filta usiku na mchana, hita weka nyuzi 27 hivi, halafu tia amonia tupu ya chupa mpaka kipimo cha amonia kisome 2 ppm (yaani miligramu 2 kwa lita). Tikisa chupa kwanza, ukiona povu limekaa hiyo ina sabuni, iache. Ukikosa kabisa, chakula kidogo cha samaki kikioza kinatoa amonia ila polepole.

Baadaye bakteria wakiongezeka amonia itashuka na nitriti (sumu nyingine inayotokana na hiyo amonia) itapanda, kisha nitriti nayo inashuka inabaki nitrati, ambayo sumu yake si kali hivyo. Mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6, ila ukimpata rafiki mwenye tenki la zamani lenye samaki wazima omba kipande cha sponji ya filta yake, ile ile na uchafu wake usiioshe, ina hao bakteria tayari kwa hiyo inaharakisha sana.

Ukitia tena amonia mpaka 2 ppm na baada ya saa 24 amonia sifuri, nitriti sifuri, badilisha maji mengi halafu walete gapi wako.