Kongosho likijaa makovu, visiwa vyake hubaki na nini?

Mara hii nimekusanya maswali ya kongosho, tezi ile iliyojificha nyuma ya mfuko wa chakula. Kazi yangu ni darubini, si wodi, kwa hiyo nitajibu kama mtu anayeitazama nyama yenyewe.

Shikamoo daktari. Baba ana uvimbe sugu wa kongosho (si saratani, ni ule wa kuungua na kuacha makovu), huu mwaka wa nane. Pombe aliacha. Juzi kaambiwa ana kisukari. Kongosho si la kusaga chakula? Sukari imeingiaje? (Binti, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Kongosho ni tezi mbili ndani ya ganda moja. Sehemu kubwa hutengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula. Katikati yake vimetapakaa visiwa vya Langerhans, kama milioni moja hivi, na vyote pamoja ni kama asilimia 1 au 2 tu ya tezi. Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 akiwa mwanafunzi Berlin, wala hakujua vina kazi gani. Insulini hutoka humo. Uvimbe huunguza kwanza upande wa vimeng'enya. Kovu likishaenea, visiwa navyo hubanwa na damu huvifikia kwa shida. Ndiyo maana kisukari mara nyingi huja baada ya miaka. Kama baba bado anavuta sigara, aiache nayo.

Je, seli za visiwa hufa zote kwa mkupuo? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mombasa)

La, na hapa ndipo ninaposahau chai ikapoa. Kwenye slaidi ya kongosho lililougua siku nyingi unaona kovu tupu, mirija iliyotanuka, halafu visiwa vimesongamana kama vimeongezeka. Havijaongezeka. Nyama iliyokuwa ikivitenganisha imenywea, vikasogeleana. Kuna na seli za homoni zinazochomoza pembeni mwa vijirija, mojamoja au kwa vishada.

Ukipaka rangi za kutambua homoni, hesabu inabadilika. Katika kisiwa chenye afya seli za beta, zenye insulini, huwa zaidi ya nusu. Katika kisiwa kilichozungukwa na kovu hizo ndizo hupungua, na seli za alfa, zenye glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, zikaonekana kutawala. Zile za polipeptidi ya kongosho, homoni nyingine ya visiwa, nazo hujitokeza zaidi, hasa kichwani mwa tezi ambako ndiko kwao. Msongamano huo umewahi kuwadanganya hata wazoefu wakadhani wanaona saratani ya seli za homoni. Rangi ndizo huamua: uvimbe wa saratani mara nyingi huwa na seli za namna moja, kisiwa kilichobanwa bado kina mchanganyiko.

Mume wangu anachoma insulini kwa ugonjwa huohuo, lakini sukari hushuka ghafla hadi anatetemeka. Kama seli za alfa zimebaki, mbona haimpandi? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Swali zuri mno, dada. Zimebaki kwa uwiano, si kwa jumla. Visiwa vikiendelea kupotea, alfa nazo hupungua, na zilizopo huitikia kivivu sukari inaposhuka. Glukagoni ndiyo huliamuru ini litoe akiba. Ongeza kwamba chakula chake hakisagiki vizuri: insulini imeshaingia, ugali bado unapita tu. Ahakikishe anameza vimeng'enya pamoja na mlo kama ameandikiwa, atembee na sukari mfukoni, na amkumbushe daktari kwamba kisukari chake kimetokana na kongosho. Hutibiwa kwa hesabu nyingine kidogo.

Ni kweli muhogo unaharibu kongosho? (Msomaji, Mtwara)

Muhogo ulishukiwa kwa sababu ya sumu yake ya sianidi, na kwa sababu ugonjwa huu, ule wa namna yenye vijiwe ndani ya kongosho, uliwapata vijana wengi wa Kerala, India, wanaoula sana. Hata Uganda madaktari waliueleza miaka ya 1960. Lakini unawapata pia wasiougusa muhogo, na wanaoula kila siku wengi wao hawaugui. Kula, ila uuandae vizuri.

Visiwa haviwezi kuokolewa? (Msomaji, Nairobi)

Huweza, kwa wachache. Mwaka 1977 wapasuaji wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kutoa kongosho lenye maumivu yasiyotibika, kuvichuja visiwa na kuvirudisha kwa mgonjwa mwenyewe kupitia mshipa wa ini. Vikishika, hukaa huko huko ini vikitoa insulini. Makovu yakiwa mengi vinavyopatikana ni vichache, na wagonjwa wengi huendelea kuchoma sindano.