Shangazi, vichezeo vimejaa sebuleni na baba watoto anataka kuvitupa

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka mitano na msichana wa miaka miwili. Tumepanga chumba na sebule Mabibo, katika nyumba yenye wapangaji wengine wanne, na sebule yetu ni futi kumi kwa kumi. Wifi yangu anafanya kazi Muscat na kila Idi hututumia boksi la vichezeo, kwa hiyo magari, midoli na matofali ya plastiki vimetapakaa kila mahali. Wiki iliyopita umeme ulikatika, baba watoto akaingia gizani, akakanyaga kigari na kuteguka mguu. Amesema Jumamosi atavitia vyote kwenye mfuko ampe mzoa taka. Mama mkwe naye alipokuja alisema sebule yangu imekuwa kama banda la mitumba la Karume. Mwenye nyumba hataki misumari ukutani wala kitu chochote kwenye korido, na baiskeli ya mtoto ya matairi matatu iko uani inanyeshewa. Kwenye kona ya dirishani kuna sabufa mbovu na TV ya chogo, kwa hiyo hapo hapana nafasi. Fundi wa Keko amenitajia shilingi 350,000 kwa kabati la kufika darini, nami nafikiria kukopa kwenye kikoba. Nifanyeje?
Mama wa Wawili, Mabibo

Marahaba, mwanangu. Mpe baba watoto pole ya mguu.

Nianze na kabati, maana hilo ndilo linaloweza kukugharimu mapema kuliko mengine: usikope. Fedha ya kikoba ina riba na ina macho ya wenzako kila mnapokutana, na inafaa iingie katika biashara, ada au matibabu, si katika kuyatafutia makazi magari ya plastiki. Hata fedha ingekuwepo, hesabu ya sakafu inakataa. Sebule yako ina futi za mraba 100, na ukishatoa makochi, meza na njia ya kwenda chumbani, kinachobaki kwa watoto ni eneo linalotosha mkeka mmoja. Kabati la upana wa futi nne na kina cha futi mbili litakula futi za mraba nane za eneo hilohilo, nawe utakuwa umenunua mahali pa kuweka vichezeo kwa kuuza mahali pa kuvichezea. Tena wewe ni mpangaji, na siku mtakapohama, kabati la kufika darini halitapita mlangoni wala kukaa kwenye kirikuu bila kufunguliwa; kama limetengenezwa kwa mbao za kushindiliwa, likifunguliwa mara moja skrubu hazishiki tena vizuri, na likipata unyevu wa masika huvimba kuanzia chini. Kubwa zaidi ni kwamba kabati refu lisilofungwa ukutani, nawe umekatazwa misumari, linaweza kumwangukia mtoto wa miaka miwili ambaye kwake kila droo ni ngazi.

Lakini katika barua yako kuna sentensi uliyoipitia juu juu, nami nimeirudia kuisoma. Umesema kona ya dirishani haina nafasi kwa sababu ina sabufa mbovu na TV ya chogo. Hivyo ni vya nani? Katika nyumba nyingi za vyumba viwili hapa mjini, vitu vya watu wazima huhesabiwa kuwa samani hata vikiwa vimekufa, na vitu vya watoto huhesabiwa kuwa takataka hata vikiwa vinatumika kutwa nzima, kwa sababu tu vya kwanza vimetulia kwenye kona yao na vya pili vimekosa kona, vikaishia chini ya miguu ya watu. Watoto wako ni nusu ya wakazi wa nyumba hiyo. Sisemi wapewe nusu ya sebule, ila kona moja ni haki yao, na kona yenyewe umeshanitajia.

Namna ya kulifikisha jambo hili kwa baba watoto ina uzito kuliko jambo lenyewe. Usimwambie usiku akiwa amechoka, na usilirushe kama jibu la hasira kwamba naye sabufa yake imejaza nyumba, kwa kuwa mkifika hapo mtakuwa mnagombania nani mchafu. Anza kwa kukubali kwamba ana haki, na kweli anayo: mtu anayerudi kazini hapaswi kuumia ndani ya nyumba anayoilipia kodi. Mwahidi kwamba kufikia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, njia ya kutoka mlangoni hadi chumbani itakuwa tupu kila siku, halafu umwombe kona ile ili uweze kuitimiza ahadi hiyo. Jumamosi aliyoipangia mzoa taka, aitumie kuipeleka sabufa kwa fundi. Ikionekana haitengenezeki, wapo mafundi wanaonunua vifaa vibovu ili kupata spea, na TV ya chogo iende kwa njia hiyohiyo.

Kuhusu kuvitupa vyote, simuungi mkono hata kidogo. Mtoto wa miaka mitano anajua kila kigari chake kimoja kimoja, na anajua kwamba vimetoka kwa shangazi yake. Akiamka akakuta vimeondoka bila neno, hatajifunza usafi. Atajifunza kuvificha chini ya godoro. Kupunguza ni lazima, lakini kufanyike naye akiwa hapo, na vilivyovunjika peke yake ndivyo mviondoe bila mjadala mrefu.

Punguzeni hadi wapi? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha utafiti uliohusu watoto 36 wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu, yaani rika la binti yako. Kila mtoto alicheza kwa vipindi viwili, kimoja akiwa na vichezeo 4 na kingine akiwa na 16, na ilionekana kwamba vilipokuwa vichache alikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Nakutajia hili ili usijione mama mkatili unapoweka vingi mbali na macho yao. Gawa vilivyobaki katika mafungu matatu; fungu moja liwe nje, mawili yafichwe, na kila baada ya wiki mbili hivi ubadilishe. Utashangaa kigari kilichopuuzwa tangu Idi kinavyopokewa kama kimeshuka leo kutoka Muscat.

Vya nje viwekwe chini, mahali mtoto anapofika mwenyewe. Maria Montessori, ambaye jina lake unaliona kwenye mabango ya shule nyingi za chekechea hapa Dar es Salaam, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika jengo la wapangaji maskini mtaa wa San Lorenzo, Roma, si katika nyumba ya kifahari. Mwanzoni vifaa vilikuwa vinafungiwa kabatini, hadi siku moja kabati lilipoachwa wazi na watoto wakajichukulia wenyewe kwa utaratibu. Tangu hapo akataka makabati mafupi ambayo watoto wanayafikia. Mtoto anayechukua mwenyewe ndiye unayeweza kumdai arudishe mwenyewe. Kwa kona yako, rafu ya ngazi mbili isiyozidi kimo cha kiuno cha mvulana inatosha, au makreti mawili ya plastiki yaliyolazwa ubavu na kufungwa pamoja kwa waya, ambayo siku ya kuhama yatabeba vyombo.

Matofali ya plastiki na vitu vidogo vinavyomwagika ndivyo adui wa mguu wa baba watoto, na dawa yake unayo nyumbani. Chukua shuka kuukuu au doti ya khanga zilizochakaa, umpe fundi cherehani azikate duara na kupitisha kamba kwenye upindo wa ukingo wote. Watoto wakitaka kucheza, mnaitandika juu ya mkeka na vitu vinabaki juu yake. Wakimaliza, unavuta kamba na shuka lenyewe linakuwa mfuko. Ila ukishaufunga, uning'inize juu asikofika mdogo, kwa sababu kamba ndefu na shingo ya mtoto wa miaka miwili havifai kukutana. Kulabu ya kupachika juu ya ubao wa mlango haihitaji msumari, kwa hiyo mwenye nyumba hana la kusema.

Hapo sina budi kuongeza la usalama, kwa kuwa watoto wako wanatofautiana miaka mitatu na kinachomfaa kaka kinaweza kumkaba mdogo wake. Kipande chochote kinachoweza kupita ndani ya kile kibomba cha karatasi kinachobaki toileti pepa zikiisha ni kidogo mno kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na kikae kwenye mfuko wa juu. Vichezeo vinavyowaka taa au kuimba vikague zaidi, maana baadhi hutumia betri ndogo bapa za mviringo, na betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Kifuniko cha betri kisicho na skrubu ni sababu tosha ya kukiondoa kichezeo hicho, hata kama kimetoka Muscat. Ukihisi mtoto amemeza betri, usimtapishe. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Mafungu mawili ya akiba yaende uvunguni mwa kitanda. Najua uvungu wa Dar es Salaam: kuna sanduku la nguo za sikukuu, sufuria za shughuli, na pengine gunia la mchele wa nyumbani. Ondoa kisicholiwa, kisichotumika wala kuvaliwa na yeyote, pima kimo cha uvungu, kisha ununue Kariakoo makasha mawili mafupi ya plastiki yenye mifuniko. Usitumie maboksi ya karatasi, kwa sababu mende hupenda kujificha na kutaga katika mikunjo yake, wala ndoo zilizokuwa na rangi au dawa. Midoli ya kitambaa ifuliwe na ikauke juani kabisa kabla ya kufungiwa, la sivyo kwa joto na unyevu wetu utaikuta ina ukungu; nayo ni afadhali ikae kwenye kikapu cha ukindu kinachopitisha hewa.

Baiskeli iliyoko uani ingizeni ndani leo. Si kwa ajili ya kutu pekee. Mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo ilisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huhitaji maji kidogo tu yaliyotuama, na kikapu cha baiskeli, kindoo cha mchanga au tela la gari la plastiki vinamtosha. Mayai yake hushika kwenye kuta za chombo juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa mvua ikirudi, kwa hiyo kumwaga maji pekee hakutoshi. Sugua kwa brashi na sabuni. Ndani, baiskeli isimamishwe wima kwa magurudumu ya nyuma kati ya kochi na ukuta. Korido iacheni kama mwenye nyumba anavyotaka, na hapo nakubaliana naye, kwa kuwa ni njia ya watu wa kaya tano wenye ndoo za maji mikononi, na moto ukitokea ni njia ya kutokea.

Wifi yako, naona, ndiye uliyemwogopa zaidi katika barua nzima, ingawa umemtaja mara moja. Asizungumze naye mke wa kaka yake. Azungumze kaka mtu, kwa simu na si kwa ujumbe, aanze na shukrani. Zawadi haikataliwi, lakini shangazi aliye mbali hana njia ya kujua ukubwa wa sebule yenu msipomwambia. Amwombe boksi la Idi ijayo liwe na vitu vinavyokwisha au vinavyokaa bapa, kama penseli za rangi, vitabu vya hadithi na viatu vya shule. Dada akijua kwamba mpwa wake anakwenda shule na viatu vyake, atafurahi zaidi ya alivyofurahia yale magari.

Vilivyo vizima lakini vimezidi, muulize mvulana angependa ampe nani. Kuna watoto wa wapangaji wenzako, na kuna chekechea ya mtaani kwenu ambayo bila shaka ina watoto wengi kuliko vichezeo. Mvipeleke pamoja, vikiwa vimeoshwa.

Maneno ya mama mkwe yapokee kama ya mgeni aliyekuta nyumba siku mbaya. Usimjibu, na usipange sebule kwa ajili ya kumridhisha, kwa kuwa yeye huja mara chache na ninyi mnakaa humo kila siku.

Hukunitajia ukubwa wa chumba cha kulala wala mahali watoto wanapolala. Kama wana kitanda chao, uvungu upo wa pili na hesabu yote ya makasha inabadilika. Niandikie vipimo hivyo, pamoja na jibu la fundi wa sabufa.