Paja limevimba na mtoto ana homa: ni kuteguka?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 7 aliangushwa na punda hapa Faza wiki mbili zilizopita. Paja limevimba na kuwa gumu, hawezi kuukanyagia mguu, na usiku homa hupanda. Bibi yake anamchua kwa mafuta ya simsim, nami nimemnunulia amoksilini dukani. Ngozi haina jipu. Ameteguka? – Mama, Faza

JIBU: Marahaba, mama. Acheni kumchua leo hii, mpande boti mwende hospitali Lamu akapigwe ultrasaundi ya paja. Kuteguka hakuleti homa. Nashuku usaha ndani ya msuli.

Hilo la “ngozi haina jipu” ndilo linalowaponza watoto wetu. Msuli wa paja uko ndani. Usaha huweza kujikusanya wiki mbili au zaidi, na ngozi juu yake isionyeshe chochote. Mara nyingi msababishaji ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wazima wa afya wanaye puani. Hupenya kwenye damu, pengine kupitia kidonda au upele uliokunwa, kisha hutua kwenye msuli ulioumia. Kwa hiyo punda ana sehemu yake, lakini si yote. Utapiamlo, selimundu na VVU pia humrahisishia njia. Wakitaka kumpima damu, mama, usikatae.

Kuchua kunauumiza upya msuli uliokwisha kuumia. Wachanjaji wa wembe ndio wabaya zaidi: wanamfungulia bakteria mlango mwingine, kisha wanalipwa! Na amoksilini? Wengi wa bakteria hawa hutoa kimeng’enya kinachoivunja. Muuzaji anayekupa vidonge bila kumgusa mtoto anakuuzia siku za kuchelewa tu.

Mgonjwa akiwahi kabla usaha haujajikusanya, dawa ya kupitia mshipani kama flukloksasilini huweza kutosha. Ukishajikusanya, lazima utolewe kwa sindano au upasuaji, na dawa ziendelee kwa wiki kadhaa. Akicheleweshwa, bakteria husambaa hadi mifupani, mapafuni na moyoni.

Wazazi wengine mnaosoma, msingoje uvimbe. Mtoto anayechechemea huku ana homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kuna msuli mkubwa nyuma ya tumbo unaokunja nyonga. Usaha ukiwa huko, mtoto hulalamikia tumbo au nyonga na hakubali kunyoosha mguu, na hakuna mkono wa mchuaji utakaoufikia.